Kigoma mpaka Ujiji kwa siku moja: stesheni ya Mjerumani, soko la Mwanga na namna ya kuchagua kikapu

Mgeni akishuka Kigoma, kando ya Ziwa Tanganyika, na kuuliza soko la vinyago liko wapi, watu humtazama kidogo kabla ya kumjibu. Hapa usitegemee safu ya vibanda kama ile ya Mwenge, Dar es Salaam, kila kibanda na twiga wake mlangoni. Ufundi wa mikono upo, tena mwingi, ila bado uko kazini. Kikapu kinabeba dagaa, mkeka unatandikwa msibani, chungu kiko mekoni, boti inagongwa misumari ufukweni ili ikavue. Ukija kutafuta mapambo utaondoka mikono mitupu na utasema Kigoma haina kitu. Ukija kutafuta vitu vya kazi, beba mfuko wa pili.

Njia ninayoieleza ni ya siku moja, kutoka stesheni ya reli mjini, kupanda barabara ya Lumumba hadi Mwanga, kisha Ujiji na kurudi. Nimeipita nikiwa peke yangu na nimeipita na wageni, na kila aliyenunua kitu kabla ya saa sita alijuta.

Kabla ya kutoka

Chenji kwanza. Muuza vikapu hana chenji ya noti ya elfu kumi saa tatu asubuhi, na ukimpa hiyo noti atazunguka soko zima kuivunja huku wewe umesimama kulinda biashara yake. Vunja pesa jioni ya kuamkia safari: noti za elfu moja, mbili, tano. Malipo kwa simu wengi wanapokea, lakini mama mwenye kibanda cha turubai anapenda taslimu.

Chukua kamba ya katani mita tatu hivi, khanga moja kuukuu na kiroba kisafi. Matumizi yake utayaona mwishoni. Mavazi yawe ya heshima: Ujiji ni mji wa Waislamu wa siku nyingi, na mtu aliyejisitiri mabega na magoti anakaribishwa barazani haraka kuliko aliyekuja na nguo za kuogelea. Siku ya Ijumaa, usipange kufika Ujiji saa sita na nusu mchana, maana utakuta milango imefungwa na watu wako msikitini.

Juni mpaka Septemba ni kiangazi, njia kavu, vumbi jingi. Ukija mvua zinaponyesha utatembea kwenye tope, ila maembe utayapata mwishoni mwa mwaka, na embe za njia hii zina hadithi yake.

Anzia mwisho wa reli

Fika stesheni saa mbili asubuhi, jua halijakuwa kali. Simama kwenye uwanja wa mbele ulitazame jengo kwa utulivu: kuta nene, matao, ukubwa usiolingana na mji uliokuwepo lilipojengwa. Wajerumani walianza kutandika Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Tabora 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Kilomita zaidi ya 1,200. Miezi michache baadaye Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikaanza, na kufikia mwishoni mwa Julai 1916 Wabelgiji kutoka Kongo walikuwa wameshautwaa mji. Mjerumani alijenga stesheni ya kifalme akaikalia miaka miwili na ushei.

Kwa nini waliileta reli Kigoma na si Ujiji, mji uliokuwa na jina tangu enzi za misafara ya pembe na watumwa? Jibu liko majini. Ghuba ya Kigoma ina kina na imekingwa na upepo. Ufukwe wa Ujiji ni tambarare na uko wazi. Shika hilo kichwani, utalihitaji ukiwa Ujiji chini ya mwembe wa Livingstone, yule mmisionari na mpelelezi kutoka Uskoti.

Karibu na stesheni iko bandari, nyumbani kwa meli ya Liemba. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Goetzen, ikafumuliwa, ikapakiwa kwenye masanduku, ikaja kwa meli mpaka Dar es Salaam na kwa reli mpaka hapa. Ilishushwa ziwani Februari 1915. Mwaka uliofuata mafundi wake wenyewe wakaizamisha adui asiipate, lakini kabla ya kuizamisha wakaipaka grisi mitambo yote, kama mtu anayefunika chungu akijua atarudi. Waingereza waliiibua 1924, wakaitengeneza, na 1927 ikarudi kazini kwa jina jipya. Fundi aliyepaka ile grisi ndiye ninayemheshimu kuliko wote katika hadithi hii.

Sasa jambo la kuepuka. Stesheni, bandari na majengo ya serikali kwenye mji wa mpakani ni sehemu nyeti. Usitoe kamera kabla hujauliza. Nenda kwa mlinzi, msalimie, sema unataka kupiga picha ya jengo kwa nje. Akikubali, piga mbili tatu uondoke. Akikataa, usibishane. Iko pia nyumba maarufu ambayo watu huiita nyumba ya Kaiser, yaani mfalme wa Ujerumani. Haiingiliki kienyeji kwa sababu ni makazi ya serikali, na dereva wa bodaboda akikuahidi kukuingiza, mshukuru tu.

Panda Lumumba kwa miguu

Kutoka stesheni barabara ya Lumumba inapanda taratibu, miembe imesimama pembeni ikitoa kivuli. Wengi huipita kwa bajaji. Nenda kwa miguu angalau nusu ya njia, kwa sababu maduka ya zamani yenye baraza hayaonekani vizuri ukiwa umekaa nyuma ya dereva, na kwa sababu asubuhi ndiyo saa ya mafundi cherehani kufungua. Ukitaka kitenge chako kishonwe siku hiyo hiyo, mtafute fundi sasa, akupime, mkubaliane saa, kisha umletee kitambaa baadaye.

Jina la barabara ni la Patrice Lumumba, waziri mkuu wa Kongo aliyeuawa Januari 1961. Ziwa lina upana wa kuvukika usiku mmoja, na siku isiyo na ukungu milima ya Kongo inaonekana ng'ambo. Aprili 1965 mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara alivuka kutoka Kigoma hapa hapa kwenda kupigana upande ule. Bidhaa nazo zinavuka tangu zamani, na ndiyo sababu kitenge kina bei nzuri hapa kuliko miji mingi.

Mwanga: pita mara mbili

Sokoni Mwanga, mzunguko wa kwanza ni wa macho. Usinunue. Salimia, shika, uliza bei, shukuru, sogea. Uliza akina mama wa vikapu wako upande gani, maana nafasi zao hubadilika. Ukifika kwa mtu mzima, shikamoo kwanza, bei baadaye. Kwa Kiha, lugha ya wenyeji, asubuhi ukisema "mwakeye" utaona uso unafunguka, hata kama ndilo neno pekee unalolijua.

Utakutana na vikapu vya kusuka kwa mzunguko, nyungo, mikeka ya ukindu, miiko na vinu, mafagio, vyungu na mitungi. Nitakaa kwenye vikapu, kwa sababu ndipo watu wanapopigwa.

Kigeuze. Mdomo na rangi visikudanganye, ubora wa kikapu uko kitakoni. Pale katikati ndipo msusi alipoanzia, na mzunguko wa kwanza ukiwa umelegea, kikapu kizima kitakaa upande. Kiweke chini mahali tambarare ukigonge kidogo kwa kidole: kikiyumba, rudisha. Kisha kibane ubavuni kwa viganja viwili. Kilichosukwa vizuri kinakubali kubanwa halafu kinarudi chenyewe. Kikilia kwa kukatika-katika, majani yalishakauka mno kabla ya kusukwa. Ingiza pua ndani. Harufu ya ukungu maana yake kilifungiwa kikiwa kibichi, na ukungu huo utahamia kwenye nguo zako.

Halafu rangi. Lowesha kidole, sugua kwenye mstari mwekundu au wa zambarau, angalia kidole. Kikapu changu cha kwanza kutoka huku kilikuwa chekundu kama nyanya, nikakivaa begani siku ya manyunyu juu ya shati jeupe, na shati hilo mpaka leo nafanyia kazi za shamba. Aliyeniuzia hakunidanganya. Sikuuliza, naye hakuona sababu ya kunieleza, kwa sababu yeye kikapu hukibeba kichwani.

Kama msusi yupo, mwombe uangalie anavyosuka. Ana fungu la majani makavu mkononi, unene wa kidole cha shahada. Anatoboa mzunguko wa chini kwa msumari uliopondwa ncha, anapitisha ukindu tundu lile lile, anavuta mpaka unalia, anabana kwa dole gumba kabla haujarudi. Anafanya hivyo huku anaongea na jirani, na hahesabu kitu kwa sauti, lakini ua linatokea upande wa pili mahali linapopaswa kutokea. Ukitazama dakika kumi, utaacha kuuliza kwa nini kikapu hiki ni ghali kuliko cha plastiki.

Mazungumzo ya bei yanaendaga hivi. Haya ni yangu ya mara ya mwisho:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, shika uone."

"Umesuka mwenyewe?"

"Mimi na mdogo wangu. Hicho kimetuchukua wiki nzima."

"Unakiachia kwa ngapi?"

"Elfu ishirini."

"Mama yangu, nifanyie kumi na tano."

"Kumi na tano nibaki na nini? Leta kumi na nane, uchukue na ufagio."

Nilichukua, na ufagio. Angalia kwamba hakushuka sana, aliongeza kitu. Msusi mwenye kujua thamani ya mkono wake hupenda kuongeza kuliko kupunguza, kwa hiyo badala ya kumkaba shingo kwa elfu mbili, muulize anakuongezea nini. Bei zinapanda na kushuka, usizichukue hizo zangu kama sheria. Mchuuzi aliyenunua kwa jumla ni habari nyingine: huyo mkabe.

Chungu kigonge kwa kifundo cha kidole. Kikilia kama kengele ni kizima. Kikitoa sauti ya mbao iliyooza kina ufa, hata kama huuoni. Kinu na mwiko vipime kwa uzito: mti mbichi ni mzito kupita umbo lake, na utapasuka ukifika nyumbani kwenye hali ya hewa nyingine. Ukiona unga mwembamba kwenye matundu madogo, wadudu wamekutangulia.

Kitenge kifunue chote, usikubali kuona kona tu. Linganisha mbele na nyuma: cha nta halisi, rangi inakaribia kulingana pande zote mbili, na cha kuchapwa upande mmoja nyuma yake imefifia. Sugua pembe kwa vidole. Wanga ukitoka kama vumbi la chaki, kitambaa kitakuwa chepesi kama chandarua baada ya kufuliwa mara ya kwanza. Hesabu yadi mwenyewe, mkono kwa mkono, kabla ya kulipa.

Na mtu akikunong'oneza kwamba ana bangili ya pembe, jino la mnyama au kipande cha ngozi, ondoka. Sheria ya wanyamapori haina mchezo, na kisingizio cha kutokujua hakifiki mbali.

Chakula

Kula Mwanga kabla ya kwenda Ujiji. Mgebuka, samaki wa ziwa hili, wa kukaanga au wa mawese, ugali wa muhogo, na pilipili pembeni. Ugali wa muhogo unavutika, usishangae, osha mikono vizuri umege kidogo kidogo. Mama lishe akikuuliza kama unakula mawese, sema ndiyo.

Ujiji

Panda daladala ya Ujiji na umwambie konda akushushe Livingstone. Atajua. Kutoka barabarani ni mwendo mfupi wa miguu. Kiingilio cha Mtanzania na cha mgeni kutoka nje ni tofauti, kwa hiyo beba kitambulisho, na udai risiti.

Jiwe la kumbukumbu lina ramani ya Afrika, na linasema Stanley, mwandishi wa gazeti aliyetumwa kumtafuta, alikutana na Livingstone mahali hapa, chini ya mwembe, tarehe 10 Novemba 1871. Tarehe hiyo ni ya Stanley. Livingstone alikuwa amerudi kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, akiwa mgonjwa na amekuta mali yake imeuzwa, na hesabu yake ya siku haikulingana na ya mwenzake. Miembe iliyopo leo inaelezwa kuwa ni vizazi vya ule wa awali. Ndani ya makumbusho yako masanamu ya hao wawili wakisalimiana, wakubwa kama watu.

Muulize kiongozi wako habari za Susi, mtumishi wa Livingstone, kwa sababu asipoulizwa huenda akampita haraka. Abdullah Susi ndiye aliyetoka mbio kumpokea Stanley njiani na kurudi mbio kumwambia bwana wake kwamba mgeni amefika. Yeye na mtumishi mwenzake James Chuma ndio walioongoza msafara uliobeba maiti ya Livingstone mpaka Bagamoyo baada ya kufariki mwaka 1873. Lipo pia jiwe la Burton na Speke, wapelelezi wa Kiingereza waliofika Ujiji Februari 1858. Na kabla ya hao wote, na baada yao, njia hii ilipitisha watu waliofungwa minyororo kwenda pwani, ambao majina yao hayako kwenye jiwe lolote.

Sasa tazama ziwa liko wapi. Liko mbali kidogo na mwembe. Mwaka 1871 maji yalikuwa karibu zaidi, kwa sababu kina cha Tanganyika kilikuwa juu kuliko leo. Mnamo 1878 maji yalivunja kizuizi kwenye mto Lukuga upande wa Kongo, na ziwa likashuka mita nyingi. Miaka ya karibuni limepanda tena na kusumbua wenye nyumba na masoko ya ufukweni, kwa hiyo njia ya ufukweni uliyoelekezwa na mtu aliyekuja zamani huenda iko chini ya maji. Uliza wenyeji.

Ufukweni kwa mafundi wa boti

Wageni wengi huishia kwenye jiwe, wakageuza. Endelea na barabara ile ile kushuka mpaka ufukweni, dakika chache tu. Hapa kuna karakana kubwa, na haina paa. Boti za mbao zimeegemezwa mchangani, nyingine ni mifupa mitupu: mkuku chini, mataruma yamepinda juu kama mbavu za ng'ombe, mbao za ubavuni bado hazijapanda. Huwezi kusikia mashine. Unasikia nyundo, msumeno wa mkono na tezo.

Msalimie fundi mkuu kwanza, si vijana. Ni yule ambaye hashiki nyundo lakini kila mtu anamwangalia. "Shikamoo mzee, naomba kutazama kazi." Akikubali, kaa mahali ambapo kivuli chako hakiangukii mkono wa fundi.

Tafuta boti inayotiwa kalafati. Kijana amechuchumaa chini ya ubavu, pamba ameisokota kama utambi mrefu. Anaiweka kwenye mwanya kati ya mbao na mbao, anaifuata na patasi butu, nyundo inapiga ndogo-ndogo, tak tak tak, mpaka pamba inapotea ndani. Mwanya ukiwa mkubwa anaongeza utambi wa pili. Sauti inabadilika pamba ikishajaa, inakuwa nzito, na hapo anasogea bila kuangalia. Nilimuuliza mmoja anajuaje kwamba imetosha. Akanijibu, "Sikio, kaka. Jicho linadanganya, maji hayadanganyi."

Picha hapa ziombwe kwa kila mtu anayeonekana, na ukikaa zaidi ya nusu saa, soda za vijana ni ustaarabu. Mpe mzee, agawe yeye.

Rudi Mwanga, nunua, funga

Uwe umerudi Mwanga kufika saa kumi. Sasa unajua bei, unajua nani alisuka mwenyewe. Nenda moja kwa moja kwa uliowachagua asubuhi, watakukumbuka, na anayekukumbuka hapandishi bei.

Dagaa usinunue mwisho wa siku bila kuuliza mwezi. Wavuvi huwavuta dagaa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwa kali wanapumzika, na utakaouziwa huenda ni wa wiki iliyopita. Mwenye muda na aende Kibirizi, ufukwe wa wavuvi karibu na mji, asubuhi ya pili, akawaone wakianikwa. Chagua wanaong'aa fedha, wasiovunjika ukiwabana.

Kufunga: ingiza vikapu vidogo ndani ya vikubwa, jaza mwanya kwa vitenge, chungu kikae katikati kimezungushiwa khanga ile kuukuu, kisha funga kamba ya katani mara mbili kwa msalaba. Mkeka ukunjwe mviringo, usikunjwe bapa, utavunjika kwenye mkunjo. Dagaa kwenye kiroba chao peke yao. Na mawese, kama umenunua, dumu lisikae ndani ya kitu chochote ulichokipenda. Funika mdomo kwa nailoni kabla ya kukaza kifuniko, lisimamishe wima, lishike kati ya miguu yako mpaka ufike. Mimi niliwahi kulilaza chini ya kiti cha basi, na tulipofika Kasulu abiria watatu walikuwa wameshanyanyua mabegi yao juu wakiniangalia.